Majani ya Mama Exaucé

Pascasie hulima akiwa amekaa. Hilo ndilo jambo la kwanza utakaloambiwa na majirani zake, kusini kidogo ya Rumonge, na utaambiwa huku wakicheka. Mama mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye nguvu zake, anatoka asubuhi na kigoda cha jikoni, kisu butu na beseni, anaketi katikati ya tuta kama mtu anayemenya viazi, na hapo anakaa mpaka jua liwe kali. Jembe analo. Hulitumia mara moja kwa msimu kufungua matuta, kisha hulitundika ukutani likala kutu kwa raha zake.

Wacheke tu. Wao wanalima muhogo na michikichi, mimea ambayo haijali nani anaota miguuni pake. Pascasie analima maua ya kukata: glayeli zaidi, na dalia kidogo pembeni, ya kupeleka kwenye harusi, ubatizo na misiba, kuanzia Rumonge mjini mpaka Magara, na mara chache hupakia ndoo kwenye basi la Bujumbura. Glayeli ikibanwa na magugu hata wiki mbili tu, hutoa ua fupi lenye shina lililopinda, na hakuna bibi harusi anayetaka kupigwa picha na fimbo iliyopinda.

Kazi hii aliiingia kwa hasira. Alizaliwa Katumba, kambi ya wakimbizi upande wa Mpanda, Tanzania, kwa wazazi waliokimbia mauaji ya mwaka wa sabini na mbili, akarudi Burundi mwaka 2009 pamoja na mumewe Melkiades na watoto wao. Harusi ya kwanza aliyoalikwa huku, aliona altare imepambwa maua ya plastiki. Hilo angelivumilia. Lakini Jumatatu yake alipita nyuma ya kanisa akamkuta mama mmoja wa kwaya ameyaloweka maua yale kwenye karai la sabuni ya unga, mengine ameyaanika kwenye kamba kwa vibanio, sambamba na kaptula za watoto. Pascasie alichukia kama aliyetukanwa yeye. Nchi ambayo ukichomeka kijiti kinaota, halafu watu wanamtolea Mungu plastiki. Alilisema jambo hilo mwaka mzima, asubuhi na jioni, mpaka Melkiades akachoka, na siku moja akamletea mfuko wa glayeli kutoka kwa mchuuzi mmoja wa Bugarama, kule juu kwenye baridi, ili tu apate kunyamaza. Hakunyamaza, ila alipanda.

Glayeli haipandwi kwa mbegu. Ina kitu cha duara kama kitunguu kilichobonyea, na watu wa maua wanakiita kitunguu hivyo hivyo, ingawa huwezi kukikaanga. Mwaka wa kwanza Pascasie alivifukia juujuu, upepo wa ziwani ukavilaza vyote. Mwaka wa pili alivifukia vizuri lakini vyote siku moja, navyo vikachanua vyote wiki moja, wiki ambayo hakuna aliyeoa wala aliyekufa, na mbuzi wa watu wakala vizuri sana. Baada ya hapo akajua. Kina cha kiganja, ncha juu, nafasi ya kiganja kati ya kitunguu na kitunguu, na kila tuta linapandwa wiki mbili baada ya lililotangulia. Unakata alfajiri, wakati maua mawili ya chini yameanza tu kuonyesha rangi, na unaacha majani manne kwenye shina ili kitunguu kipate chakula cha kunenepea. Hayo yote alijifunza mwenyewe. Kilichomshinda ni ndago.

Asiyeijua ndago ana bahati yake. Juu ni jani jembamba linalong'aa, bichi na zuri, na shina ukilishika kwa vidole unahisi pembe tatu. Chini kuna kokwa nyeusi, kubwa kama punje ya hindi. Kutoka kwenye kokwa unatoka uzi, uzi unakwenda kwenye kokwa nyingine, na nyingine, na nyingine, zimelala tu zinasubiri. Ukipiga jembe unaukata uzi, na kila kokwa iliyokuwa imelala inaamka. Tuta linaonekana safi siku tano, ya sita limejaa mara mbili. Ndiyo maana Pascasie anakaa: anachokonoa kwa kisu, anafuata uzi kwa vidole mpaka mwisho wake, anaitoa familia nzima ya ndago bila kumwacha mtoto.

Sasa, shamba lenyewe. Lilikuwa la baba yake Pascasie kabla ya kukimbia. Waliporudi walimkuta juu yake Ndayisaba, mtu mpole mwenye mabega mapana, ambaye alipewa na serikali akiwa kijana, akajenga, akazikia wazazi wake hapo. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Watu wa tume ya mashamba wakaja, wakavuta kamba, wakakata katikati: upande wa juu Ndayisaba, upande wa chini Pascasie. Kila mmoja akaondoka akiona amenyang'anywa nusu. Wakapanda minyaa mpakani, huyu mstari wake na yule mstari wake, migongo imeelekeana, na tangu hapo wakawa watu wa kuambiana amahoro njiani na kupita.

Mke wa Ndayisaba alikuwa Mkongo wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, aliyekuja zamani akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, akaolewa akabaki. Watu walimwita Mama Exaucé kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye sasa yuko Uvira. Sauti yake ilikuwa kubwa, na aliimba akilima. Kirundi cha Pascasie cha makambini kilikuwa kinachekesha watu, kwa hiyo wengi walimsemesha Kiswahili, na ungedhani Kiswahili hicho kingewaleta karibu wanawake hawa wawili wa ugenini. Hakikuwaleta. Katika miaka yote hiyo walizungumza mara moja tu zaidi ya salamu.

Ilikuwa Julai, jua linapasua matuta. Pascasie alihitaji kitu cha kufunikia udongo, nyasi kavu au majani ya migomba, ili unyevu usikimbie na magugu yasione mwanga. Mama Exaucé alikuwa upande wa pili akipunguza minyaa. Pascasie akameza kiburi chake.

“Mama Exaucé, naomba majani kama unayo. Nifunike matuta.”

“Majani? Sasa haiko, mama. Jua imemaliza yote. Mvua ikinyesha nitakupa mingi.”

Pascasie akatazama nyuma ya yule mama. Palikuwa na migomba zaidi ya ishirini, na kila mgomba umevaa majani makavu mpaka chini kama mtu aliyevaa makoti mawili. Akaona amenyimwa, tena amenyimwa kwa tabasamu. Akasema asante, akashuka, akaenda kutafuta mabua ya mpunga bondeni, na jambo hilo akalitoa kichwani.

Novemba mvua ikashika. Jumamosi moja Pascasie alitoka kwenye travo, zile kazi za jumuiya, akakuta, upande wake wa mpaka, juu ya tuta lake la kwanza, rundo limerushwa kutoka juu. Lilikuwa bichi, limelowa, lina udongo na mizizi yake, na zaidi ya nusu yake ni ndago. Kokwa zilikuwa zinaning'inia kwenye nyuzi kama shanga. Watu gani hawa, waliochukua nusu ya shamba la baba yake, na sasa wanamtupia na takataka zao. Alichota lile rundo kwa mikono, akalirudisha juu ya minyaa, akarusha kwa nguvu zote ili lifike mbali.

Jumamosi iliyofuata lilikuja maradufu.

Basi akajua ni vita. Hakulirudisha tena, kwa sababu aliona kila akirudisha yataongezeka. Hakuenda kuuliza pia, maana kuuliza ni kuonyesha umeumia. Alikaa kimya na kigoda chake, akachambua rundo lile kokwa moja moja, na Jumamosi nyingine likaja lingine. Mvua zote zilikwenda hivyo, na mwaka uliofuata, na uliofuata. Wiki asizowahi kulitoa mapema, mvua ilizishusha kokwa mpaka tuta la pili, la tatu. Na upande wa juu Mama Exaucé analima anaimba. Siku moja walikutana njiani, yule mama akasema amahoro kwa sauti yake ile kubwa, Pascasie akapita kama hakusikia. Alijisikia vizuri mpaka jioni.

Miaka saba ilipita namna hiyo. Februari ya mwaka jana Mama Exaucé akafa, baada ya kuugua tumbo muda mrefu. Pascasie alikwenda mazikoni, kwa kuwa kutokwenda ni kujitangaza, akakaa nyuma kabisa, akaondoka kabla ya watu kunawa mikono. Alidhani angalau sasa rundo litakoma. Halikukoma. Jumamosi ya tatu baada ya maziko lilikuwa pale pale, dogo zaidi, limerushwa vibaya, nusu limenasa kwenye minyaa. Kwa hiyo hata msibani, akasema moyoni, huyu mwanamume ameona ni lazima aendeleze kazi ya mkewe.

Kufikia Oktoba, matuta manne kati ya tisa yalikuwa yamekufa, maana yake yalikuwa mabichi kabisa, ila kwa ndago. Melkiades, ambaye hafanyi haraka kusema, alikwisha leta miche ya michikichi, akaipanga kivulini kwenye mifuko yake. Mchikichi hauogopi ndago, alisema. Pascasie alimjibu kwamba ndago anaiweza, ila hawezi ndago inayoletewa chakula kila Jumamosi. Wakakubaliana: kama kufikia Februari hajapata hata tuta moja zima la maua yaliyonyooka, shamba litapandwa michikichi na yeye hatasema neno. Neno hilo alilitoa mwenyewe, na usiku ule alipata usingizi kwa shida, kwa sababu maua yale alikuwa anayapenda kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Lakini kabla ya kushindwa aliamua kusema. Alikwenda kwa mzee Zakaria, mkubwa wa bashingantahe, wale wazee wanaoamua kesi za mlima, yaani za kijiji, akaomba siku ya kumshitaki Ndayisaba. Akapewa Alhamisi. Jumanne yake, asubuhi, Ndayisaba akatokea mlangoni kwake, amevaa koti na kofia ameishika mkononi. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga ua ule.

“Amahoro, Mama Venanti,” alisema, akimwita kwa jina la mwanawe. “Niko nakuja kuomba maua.”

Pascasie alimpa kiti kwa sababu alilelewa vizuri. Ndayisaba akaeleza kwamba kuganduka, yaani siku ya kumaliza kilio cha mkewe, itakuwa Jumamosi ya pili ya Februari, na alitaka glayeli nyeupe za kujaza kaburi na meza ya picha. Alijua ni mapema. Amekuja mapema kwa kuwa mkewe alimwambia maua yale yanachukua karibu miezi mitatu. Pascasie akauliza huyo mkewe alijuaje. Alikuwa anahesabu, Ndayisaba akasema. Kila Pascasie alipopanda tuta, yeye alihesabu wiki kutoka upande wa juu, kupitia minyaa, na nyeupe ndizo alizozipenda.

Pascasie hakujua aweke wapi mikono. Alikuwa na maneno yake ya Alhamisi tayari, ameyapanga vizuri, na sasa yakamtoka moja tu.

“Na majani?” akauliza.

Ndayisaba akainamisha kichwa kama mtoto aliyeulizwa kazi ya shule.

“Majani mutanisamehe, mama. Mimi sijui kulima sawa yeye. Jumamosi ingine inakuwa kidogo, najua.” Akageuza kofia mkononi. “Alisema, Mama Venanti aliniomba majani, nikamwambia mvua ikinyesha nitampa. Kila Jumamosi tukitoka travo analima, anakusanya yote, hata ya kando ya njia, anakutupia. Hata sisi hatukubakiza ya kuweka kwa migomba yetu. Mara moja ulirudisha. Akasikia haya sana, akasema labda ilikuwa kidogo, nilimpa ya kumudharau. Jumamosi ingine akajaza.”

Pascasie alivuta kigoda chake akaketi.

“Pale kitandani, siku za mwisho, aliniambia vitu viwili. Exaucé nimwite arudi kuona kaburi. Na nisisahau majani ya Mama Venanti.”

Katika Kiswahili cha Katumba, kinachokusumbua shambani ni magugu, na majani ni kitu cha kutandaza au cha kulisha ng'ombe. Katika Kiswahili cha Mama Exaucé neno magugu halikuwemo. Kila kibichi kinachoota bila kupandwa kilikuwa majani, na kwao, kwenye muhogo, majani unayolima unayarundika juu ya tuta yaoze, na hakuna anayeuliza yana kokwa au hayana. Julai hayakuwepo kwa sababu Julai hakuna cha kupalilia. Mvua ikanyesha, akatimiza ahadi. Pascasie aliyaona yote hayo kwa mara moja, akiwa ameketi kwenye kigoda chake mlangoni, na aliona aibu, aibu ya kweli. Miaka saba mtu amemlimia, amembebea, amemtupia zawadi, na yeye amepita njiani hajaitikia salamu.

Ndayisaba alisimama kuondoka. Akasema asiwe na wasiwasi, ataendelea kuleta, maana alishaahidi. Pascasie akafungua mdomo. Ilibidi amwambie. Shamba lilikuwa linakufa kwa zawadi ile, na neno moja tu lingetosha. Lakini alimwona amesimama na koti lake la msibani, akamwona moyoni na yule aliyekuwa kitandani, na neno likakataa kutoka.

“Usilete tena, baba,” alisema mwishowe. “Wewe una kilio. Nitakuja kuyachukua mwenyewe.”

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa mzee Zakaria kufuta kesi. Zakaria, aliyekwisha waita wenzake wawili, alitaka kujua kesi yenyewe ilikuwa nini. Pascasie akajibu kwamba ilikuwa kesi ya Kiswahili, na sasa imekwisha. Kwa Melkiades alieleza kirefu zaidi, naye akasikiliza hadi mwisho, akauliza tu kuhusu michikichi. Alikuwa anapigana na watu wawili pamoja na ndago, Pascasie alimwambia, na sasa amebaki na ndago peke yake. Makubaliano yabaki yale yale, tuta moja zima, Februari.

Akachagua tuta la sita, ambalo lilikuwa na nafuu. Alilifungua kwa jembe la meno, akiinua udongo bila kuukata, akautikisa na kuokota kokwa kwa mkono, beseni tatu. Halafu akafanya kile ambacho watu hawana subira nacho: hakupanda. Alimwagilia tuta tupu, akaliacha siku kumi, kana kwamba ameotesha magugu kwa makusudi. Zile kokwa zilizojificha zikadanganyika, zikatoa vichwa, naye akaketi akazitoa na nyuzi zake. Akamwagilia tena, akangoja tena. Safari ya pili zilitoka chache. Katikati ya Novemba ndipo alipopanda vitunguu vyake vyeupe vyote, vile vinene alivyokuwa amevificha chini ya kitanda, kina cha kiganja na ncha juu, akafunika kwa makapi ya mawese kutoka kiwandani anakofanya kazi Melkiades.

Na kila Jumamosi, baada ya travo, alizunguka kwa barabara na beseni kubwa, akaingia kwa Ndayisaba kwa mlango wa mbele. Anawekewa kiti. Wanasema maneno mawili matatu, kuhusu mvua, kuhusu Exaucé kule Uvira. Kisha anajitwisha majani yake, maji ya udongo yakimchirizika shingoni, anapita nayo katikati ya watu mpaka kwake, na huko anayaanika juu ya bati kuukuu nyuma ya choo, mpaka kokwa zikauke zilie kama kokoto, halafu anazitia motoni anapopika maharage. Watu walipata kicheko kingine. Mwanamke aliyekuwa analima amekaa sasa anakwenda kuomba magugu kwa jirani. Hakuwajibu, jambo ambalo kwa Pascasie si dogo.

Jumamosi ya nne alikwenda na kigoda pia. Akamwambia Ndayisaba kwamba mtu mwenye kilio hapaswi kulima peke yake, atamsaidia pale karibu na minyaa. Ndayisaba alimtazama akichokonoa kwa kisu, akauliza kwa nini hatumii jembe. Mgongo, Pascasie akasema. Uwongo ule ulimsaidia kusafisha ukanda mzima wa juu kabla ya Krismasi, na Ndayisaba naye, kwa kumhurumia, alianza kung'oa kwa mkono ili wasipishane.

Tuta la sita hakuliacha hata wiki moja. Ndago ilirudi, bila shaka ilirudi, ikatoboa makapi kama sindano, lakini kila ilipotoa jani la tatu au la nne alikuwa amekwisha fika, kabla haijapata muda wa kutengeneza kokwa mpya. Januari mvua kubwa ya upepo ilipiga usiku kucha, asubuhi akakuta mashina yameinama, akayainua moja moja, akapigilia vijiti na kufunga kamba za migomba pande zote mbili. Wiki ya kwanza ya Februari mashina yalikuwa yamefika kifuani kwake, yamenyooka. Melkiades alikuja akasimama pale muda, mikono nyuma. Jioni yake miche ya michikichi ilihamia shambani kwa kaka yake, na hakuna aliyelizungumzia.

Alfajiri ya kuganduka, Pascasie alikata mashina themanini na sita, ndoo nne, Melkiades akabeba mbili. Maua mawili ya chini kwenye kila shina yalikuwa yameanza kufunguka. Pascasie aliyapanga kaburini mwenyewe, na mengine kwenye meza yenye picha, ambayo Mama Exaucé alipigwa sokoni akiwa amefunga kitambaa cha kijani na mdomo wazi, inaonekana alikuwa katikati ya neno. Kwa mara ya kwanza Pascasie alimtazama usoni kwa muda mrefu.

Watu walikuwa wengi, viti vimejaa mpaka barabarani, na Exaucé alikuwa amevuka ziwa na mke wake. Baada ya sala na chakula yakaja maneno. Akasema mwakilishi wa familia, akasema mwalimu wa kanisa, kila mmoja akamshukuru kila mmoja. Halafu mzee Zakaria, aliyekuwa anaongoza shughuli, akasema jirani wa mpakani naye anataka kusema kidogo. Pascasie hakuwa ametaka. Alikuwa amemwambia Ndayisaba anataka kumshukuru mkewe, basi, na Ndayisaba akalifikisha.

Alisimama. Alisema Kirundi kidogo, watu wakatabasamu, akahamia Kiswahili. Alisema kwamba miaka saba, kila Jumamosi ya mvua, Mama Exaucé alimpa majani. Yeye hakusema asante hata siku moja. Na siku moja yule mama alimsalimia njiani, yeye akapita, na alisikia, alisikia vizuri kabisa. Akasema hayo yanamuuma na yataendelea kumuuma, na kwamba maua yale meupe hayalipi kitu. Akaishia hapo, macho kwenye picha. Wengine wakadhani ni unyenyekevu wa mgeni anayejua kusema misibani.

Mzee Zakaria, ili kumsaidia, akauliza kwa sauti ya uchangamfu, “Na majani yenyewe, mama, yalikufaa?”

Melkiades aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Ndayisaba, pale mbele, karibu na picha, alikuwa amemgeukia, ameinua uso, anangoja jibu kama mtu anayengojea matokeo ya mkewe.

“Yalikuwa mengi, baba,” Pascasie akasema. “Mpaka leo yapo. Nayatoa kila siku na hayajaisha.”

Watu wakapiga makofi. Ndayisaba akawa anaitikia kwa kichwa, anaitikia tena, machozi yanamtoka na anacheka, akimuuliza Exaucé aliyekuwa pembeni yake kama amesikia, amesikia mama yake alivyokuwa. Pascasie akaketi, akajifunika uso kwa kitenge, akamlilia jirani yake.